Beji Zilizobanduka: Uchambuzi wa Kisa cha Sare za Chekechea Moja ya Mombasa

Mwanzoni mwa muhula wa pili, mvua za masika zikiwa zimekolea, shule moja ya chekechea iliyoko Tudor ilimpelekea fundi cherehani wa Majengo sare za watoto ili azibandike beji mpya za shule. Beji hizo zilikuwa za duara, zimetariziwa juu ya kitambaa cheupe, upana wake ni kama sentimita 7, na mgongoni zilikuwa na tabaka la gundi kavu inayoyeyuka kwa joto, yaani zile beji zinazobandikwa kwa pasi bila sindano. Nguo zenyewe zilikuwa za aina tatu. Kulikuwa na mashati meupe ya mchanganyiko wa poliesta na pamba, majaketi ya traksuti ya poliesta tupu yenye rangi ya damu ya mzee, na mikoba ya nailoni ya kubebea vitabu na chakula. Fundi alizifanya zote kwa mkupuo mmoja, akazirudisha jioni ile ile, na shule ikazigawa kwa wazazi.

Kabla ya nusu muhula kufika, malalamiko yalianza. Beji za mashati zilikuwa zinainuka ukingoni na nyingine zilibanduka kabisa kwenye beseni la kufulia. Za mikoba zilitoka karibu zote. Za traksuti zilishika, lakini sehemu yake nyeupe iligeuka waridi, na kuzunguka beji kukabaki alama inayong'aa ambayo haikutoka kwa sabuni wala kwa maji. Mwalimu mkuu alikwenda kwa fundi akamwambia, "Mzee wangu, mimi sikulaumu, lakini wazazi wananiuliza mimi." Fundi akamjibu, "Mwalimu, pasi niliikandamiza mpaka mkono ukaniuma. Gundi hiyo ndiyo mbovu." Muuzaji wa beji naye alishikilia kwamba beji za bunda lile lile zimeshika vizuri kwa wateja wengine. Kwa kuwa kazi yangu ni kufundisha ushonaji, niliombwa nizikague nguo hizo kabla ya kuamuliwa nani agharimie marekebisho.

Kwa maoni yangu wote watatu walisema kweli, na ndiyo sababu mzozo haukuweza kumalizwa kwa maneno. Lalamiko lilikuwa moja, kwamba beji zimeharibika, lakini ndani yake mlikuwa na makosa matatu tofauti yenye vyanzo tofauti, na ushahidi wa kila kosa ulikuwa umeandikwa mahali ambapo hakuna aliyekuwa ametazama, yaani mgongoni mwa beji zilizotoka.

Ili ushahidi huo usomeke, ni lazima kwanza ijulikane gundi hii inafanya kazi vipi. Ni plastiki inayolainika kila inapopata joto na kuganda kila inapopoa. Nyingi hutengenezwa kwa poliamidi, yaani plastiki ya jamii ya nailoni, au kwa poliesta ya kiwango cha chini cha kuyeyuka, au kwa EVA (ethilini vinili asetati), plastiki ambayo ni ya bei nafuu na hulainika mapema zaidi. Gundi za poliamidi zinazotumika kwenye nguo huyeyuka katika joto la kiasi cha digrii 110 hadi 130 za Selsiasi. Hata hivyo, kuyeyuka peke yake hakutoshi. Ni lazima gundi ikae katika hali ya uji mzito kwa sekunde kadhaa huku ikisukumwa na uzito, ipenye katikati ya nyuzi za kitambaa, izizunguke, kisha igande humo humo. Kinachoshikilia beji ni huko kupenya, na gundi iliyolala juu ya kitambaa bila kupenya, hata ikionekana imeshika, itaachia kwenye mafuo ya kwanza au ya pili.

Kwa hiyo beji iliyobanduka huacha alama zinazosomeka. Gundi ikiwa imebaki yote kwenye beji, laini na tambarare, maana yake haikuwahi kupenya kitambaa. Ikiwa imebaki kwenye beji lakini imechapwa sura ya kitambaa, ilifika kwenye nyuzi ila haikuingia ndani vya kutosha. Ikiwa imegawanyika, nusu kwenye beji na nusu kwenye nguo, tena imevutika kama nywele, basi ilivutwa ingali moto au imelainishwa upya baadaye. Na ikiwa imebaki yote kwenye nguo, tatizo liko kati ya gundi na beji yenyewe, na hapo muuzaji ndiye wa kuulizwa kwanza. Katika nguo zote nilizozikagua sikuona hata moja ya aina hiyo ya mwisho.

Nilianza na mashati. Beji moja iliyotoka nzima ilikuwa na gundi inayong'aa, bila alama yoyote ya mtande wala mshindio wa shati, yaani nyuzi zake za urefu na za upana. Nyingine, iliyobaki ikining'inia kwa upande mmoja, ilikuwa na sura mbili: katikati palionekana wazi vijimraba vidogo vya nyuzi zilizochapwa kwenye gundi, na palihitaji nguvu kubandua, lakini ukingoni, kwa upana wa kama milimita 5, gundi ilikuwa tambarare kabisa. Beji hizi zina uzi mnene uliozungushwa pembeni, na kwa sababu uzi huo umeinuka kuliko katikati, ukingo ndio hukosa kugusana sawasawa na nguo iwapo mahali pa kupigia pasi ni laini mno. Fundi alikuwa ametandika blanketi lililokunjwa mara kadhaa, kama ambavyo mafundi wengi hufanya wanaponyoosha suruali, na blanketi hilo lilimeza uzito wa mkono wake. Aliposema kwamba alikandamiza mpaka mkono ukamuuma, hakutia chumvi, ila nguvu yake iliishia kwenye blanketi.

Hilo lilieleza kuhusu ukingo, lakini halikueleza kwa nini beji nyingine zilitoka nzima. Jibu lilipatikana nilipoyapanga mashati kwa ukubwa. Karibu yote yaliyoshika yalikuwa ya watoto wadogo kabisa, na karibu yote yaliyoachia yalikuwa ya wakubwa. Gundi mbovu haichagui ukubwa wa shati. Nilimwomba fundi anisimulie kazi ile tangu mwanzo, na ndipo kikajulikana kisa kizima: alianza na mashati madogo kwa pasi ya umeme, yakiwa makavu, kisha stima ikapotea. Akawasha pasi ya makaa. Kwa kuwa makaa yalikuwa yamekolea, aliogopa kuyaunguza mashati meupe, akaona ni busara aanze na traksuti, ambazo rangi yake ni ya kiza na haionyeshi kuungua. Makaa yalipopungua ukali ndipo akarudi kwenye mashati makubwa, akayanyunyizia maji ili yanyooke vizuri, akamalizia kazi.

Uamuzi huo ulikuwa na mantiki kwa mtu anayefikiria kunyoosha nguo, lakini kwa gundi ulikuwa kinyume cha mambo. Joto kali lilikwenda kwenye kitambaa kisichoweza kulistahimili, na joto dogo likabaki kwa kitambaa ambacho kingelihimili. Mchanganyiko wa poliesta na pamba huvumilia pasi ya nukta mbili, ambayo katika alama za kimataifa za utunzaji wa nguo ni joto la takriban digrii 150, ilhali nukta moja ni takriban 110 na nukta tatu ni takriban 200. Pasi ya makaa haina nukta wala kidhibiti joto. Siilaumu kwa hilo, kwani kuna kazi safi nyingi zinazofanywa nayo Mombasa hadi leo, lakini anayeitumia kwa beji ni lazima ajaribu kwanza kwenye kipande cha kitambaa cha aina ile ile, tena arudie jaribio kila anapoongeza makaa au yanapofifia.

Maji yalikuwa kosa kubwa kuliko yote, na ningependa nilieleze kwa urefu kwa sababu ni la kawaida mno. Maji yakiwa bado ndani ya kitambaa, joto la mahali hapo haliwezi kupanda sana juu ya digrii 100, kwa kuwa joto linaloingia hutumika kwanza kuyageuza maji kuwa mvuke. Gundi inahitaji digrii 110 na zaidi. Fundi aliiweka pasi kwa sekunde kama 10 au 15, muda ambao ungetosha kwa shati kavu na pasi ya joto la sawasawa, lakini kwenye shati lililonyunyiziwa, sehemu kubwa ya muda huo ilipotea katika kulikausha. Shati lilipokuwa tayari kuipa gundi joto lake, pasi ilikuwa imekwishaondolewa. Mvuke uleule pia hupanda na kusukuma gundi kutoka kwenye nyuzi badala ya kuiacha iingie. Hii ndiyo sababu maelekezo ya beji za aina hii, yanapokuwepo, husema pasi isitoe mvuke.

Hata bila kunyunyizia, masika ya Pwani yanatosha kuleta shida. Pamba katika hali ya kawaida ya hewa hubeba maji ya kiasi cha asilimia 8 ya uzito wake, na hewa ikiwa na unyevu mwingi hubeba zaidi, wakati poliesta hubeba chini ya asilimia 1. Shati linaloonekana kavu kwa mkono linaweza kuwa na maji ya kutosha kuichelewesha gundi. Dawa yake ni rahisi: kabla ya kuweka beji, mahali pake pipigwe pasi kavu kwa sekunde 5 hadi 10, kisha beji iwekwe papo hapo kitambaa kikiwa bado na moto.

Kwenye traksuti alama zilisema jambo jingine kabisa. Hapa beji zilikuwa zimeshika barabara. Mng'ao uliozizunguka ulitokana na nyuzi za poliesta zenyewe, ambazo huanza kulegea katika joto lisilofika hata digrii 100, ingawa huyeyuka hasa kwenye digrii 250 au zaidi kidogo. Zikilegea huku zinakandamizwa kwa chuma cha moto mkali, hupoteza umbo lao la mviringo na kuwa bapa, na uso bapa hurudisha mwanga kama kioo. Nyuzi zilizobapa hazirudi. Hakuna sabuni, siki wala mvuke wa kuzirudisha, na ni afadhali mwenye nguo aambiwe hivyo mapema kuliko kuachwa akijaribu dawa moja baada ya nyingine.

Rangi ya waridi nayo ina maelezo yake. Rangi zinazotumika kutia poliesta zina tabia ya kugeuka mvuke moja kwa moja zinapopata joto kubwa, bila kupita hali ya majimaji, kisha mvuke huo huingia kwenye poliesta nyingine iliyo jirani. Ni tabia iyo hiyo inayotumiwa kwa makusudi kuchapishia jezi za mpira, ambapo picha huhamishwa kutoka karatasini hadi kwenye kitambaa cheupe kwa mashine ya joto la kama digrii 200. Rangi ya damu ya mzee na nyekundu ni miongoni mwa zile zinazohama kwa urahisi. Kitambaa cheupe cha beji kilikuwa cha poliesta pia, kikaipokea rangi iliyotoka kwenye jaketi, na ikakaa ndani ya nyuzi zake. Kumwagia klorini hakungesaidia beji na kungeliharibu jaketi. Kwa traksuti za poliesta za rangi iliyokolea, ushauri wangu ni kwamba beji nyeupe ishonwe, isibandikwe. Ninajua kuna wanaofanikiwa kwa joto la chini na kitambaa cha kinga, lakini rangi inaweza kuhama hata baada ya siku kadhaa, na fundi anayepokea kazi ya watoto wengi hana sababu ya kubahatisha.

Mikoba haikuhitaji uchunguzi mrefu. Nailoni yake ilikuwa imetiwa dawa ya kuzuia maji, na dawa inayozuia maji yasipenye huizuia gundi pia. Gundi zote zilibaki kwenye beji, tambarare, na hata zingepigwa pasi upya mara ngapi zisingeshika. Jaribio lake ni tone moja la maji: likisimama juu ya kitambaa kama shanga, beji ya pasi isijaribiwe, ila ishonwe.

Ilibaki sehemu ya wazazi, ambayo ilihitaji kusemwa kwa upole. Baadhi ya mashati yaliyoinuka ukingoni yalikuwa ya watoto wadogo, yale yaliyopigwa kwa pasi ya umeme, na katikati yalikuwa yameshika vizuri. Mama mmoja alieleza kwamba alilifua shati la mwanawe siku ya pili baada ya kulipokea, akalirowesha usiku kucha katika maji ya klorini kwa sababu ni jeupe, akaisugua beji kwa brashi, kisha akalisokota kulikamua. Kila hatua ya hizo ina athari yake. Gundi hupendelewa iachwe saa 24 kabla ya kuguswa na maji. Klorini hudhoofisha nyuzi na gundi. Kusokota ndiko kunakoumiza ukingo zaidi, kwa kuwa beji ni ngumu na shati ni laini, na kitambaa kinapopinda beji haipindi nacho, hivyo nguvu yote huishia mahali hapo wanapokutana. Mzazi mwingine alikuwa akilianika shati juu ya bati. Bati la Mombasa adhuhuri hushika moto mkali, na gundi ya bei nafuu hulainika huko huko. Hakuna aliyewaambia hayo. Beji zilikuja kwenye mfuko wa plastiki bila maelekezo yoyote, si kwa Kiswahili wala kwa lugha nyingine, na hilo ndilo jambo ambalo nilimlaumia muuzaji.

Marekebisho ya mashati yalikuwa rahisi kuliko walivyodhani, kwa sababu gundi ya aina hii huyeyuka tena. Beji ambazo gundi yake ilikuwa bado imejaa mgongoni zilitumika upya. Mashati yalifuliwa kwa sabuni tupu bila dawa ya kulainisha nguo, kwani dawa hiyo huacha utando unaofanana na mafuta, na hayakutiwa wanga. Yalikaushwa kabisa. Badala ya blanketi, fundi alitandika taulo moja jembamba juu ya meza ya mbao. Alipasha moto mahali pa beji, akaiweka, akaifunika kwa kipande cha bafta nyeupe iliyo kavu, akaisimamisha pasi ya umeme juu yake kwa kiwango cha nukta mbili na kuiegemea kwa uzito wa mwili bila kuitelezesha, kwa sekunde 20 hivi, akiiinua na kuiweka upande wa pili ili ukingo wote upate zamu yake. Alitaka kufunikia leso iliyokuwa karibu, nikamzuia, kwa kuwa rangi za leso zingeweza kuhamia kwenye shati jeupe. Kisha aligeuza shati ndani nje na kulikandamiza tena kwa nyuma, ambako joto huifikia gundi kwa njia fupi bila kupita unene wa tarizi. Mwisho aliweka juu yake kitabu kizito mpaka ikapoa. Kipengele hiki cha kupoa ndicho mafundi wenye haraka hukiruka, ilhali gundi hupata nguvu yake inapoganda, na anayeinua ukingo wa beji ingali moto ili aone kama imeshika huwa ameibandua yeye mwenyewe.

Baada ya kupoa, kila beji ilizungushiwa mshono wa mkono kwa uzi wa poliesta unaofanana na rangi ya ukingo. Kwa nguo ya mtoto mdogo, inayofuliwa karibu kila siku, siamini beji yoyote ya pasi idumu muhula mzima bila mshono huo, hata ikiwa imebandikwa kwa ustadi. Kazi ya gundi ni kuituliza beji isikunjamane na isihame, na kazi ya uzi ni kuizuia isiondoke. Fundi aliona kwamba sindano ilikuwa ikinata ilipopita kwenye gundi, akawa anaifuta kwa pamba yenye spiriti kila baada ya beji chache.

Wazazi walipewa karatasi fupi: shati lifuliwe likiwa limegeuzwa ndani nje, kwa maji yasiyo ya moto, beji isisuguliwe kwa brashi, lisirowekwe kwenye klorini, lisisokotwe bali libanwe kwa viganja, lianikwe kwenye kamba kivulini, na wakati wa kunyoosha pasi ipite upande wa ndani au iizunguke beji bila kuikanyaga.

Kuhusu gharama, fundi alikubali kuyarudia mashati bila malipo, kwa kuwa maji na blanketi vilikuwa mkononi mwake. Kushona beji za mikoba kulilipiwa na shule, iliyochagua beji ya pasi kwa kitambaa kisichoipokea. Muuzaji alitoa beji nyingine za traksuti, kubwa kidogo, upana wa sentimita 9, ambazo zilishonwa juu ya zile za zamani ili kufunika waridi na mng'ao kwa pamoja. Majaketi machache ambayo mng'ao wake ulienea hadi kwenye zipu hayakuweza kufichwa, na shule iliamua yabaki ya kuvaliwa siku za michezo ya uwanjani.